Mchepuko wa Sukari Ndani ya Chembe ya Damu

Ninyi mnaoingia maabara leo mnakuta mashine imeshawashwa. Unatia tone la damu, unabonyeza, karatasi inatoka na majibu yamejipanga kama punje za mahindi kwenye gunzi. Sisemi kwa wivu. Miaka yetu tulikuwa na hadubini ya kioo, unaigeuzia dirishani kukamata mwanga wa jua, na mawingu yakitanda juu ya Mbozi unabaki umeinama pale kama mtu anayetafuta sindano kwenye majani. Mashine zenu ni nzuri. Ila kuna jambo moja halitoki kwenye ile karatasi, nalo ndilo lililonifanya niandike. Jibu la maabara haliishii kwenye karatasi. Linatoka mlangoni, linakwenda nyumbani kwa watu, na huko linamwangukia mtu.

Watu huniita Mama Lusekelo. Nilikuwa mpimaji katika kituo cha afya kimoja upande huu wa Igamba, na sasa nimestaafu. Nina kahawa kidogo na magoti yanayotabiri mvua kuliko redio.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Kibona, Mndali wa milima ya Ileje, mfupi, mwenye kofia ya sufu aliyoivaa hata ndani. Vyeti nilikuja navyo kutoka chuoni, kazi nilijifunza kwake. Yeye ndiye aliyeniambia nichuje rangi ya kupakia slaidi kila asubuhi, na sababu yake ilikuwa hii. Mwenzetu mmoja aliwahi kuacha kuchuja, uchafu wa rangi ukaganda juu ya damu, na uchafu ule unafanana sana na vimelea vya malaria. Basi kituo kizima kikaugua. Kila aliyepimwa alikuwa na malaria: wajawazito, mlinzi, hadi mganga mkuu mwenyewe, aliyejipima kwa sababu ya mafua tu. Walimeza dawa chungu kwa ajili ya uchafu. Mzee Kibona alikisimulia kisa hicho bila kucheka, halafu anakuuliza, "Leo umechuja?"

Jingine alilonifundisha ni kutazama kwa jicho kwanza. "Jicho halikatiki umeme, binti," alikuwa akisema. Chupa ya mkojo ikiletwa, haiendi kwenye hadubini kabla haijainuliwa dirishani.

Ndivyo ilivyokuwa siku alipoletwa kijana mchimbaji wa dhahabu kutoka Galula, kwa pikipiki, amebanwa katikati na wenzake wawili asianguke. Alikuwa amemeza vidonge vya homa ambavyo mwenzake alimletea kutoka Tunduma, bila boksi wala maelezo. Macho yake yalikuwa ya njano na viganja vyeupe kama unga. Mkojo wake ulikuwa mweusi kama soda nyeusi. Mimi nilisema, "Anatoka damu kwenye figo." Mzee Kibona akaizungusha ile sampuli kwenye mashine ya mkono, akainua tena dirishani.

"Tazama. Ingekuwa damu iliyochuruzika, chembe zingetuama chini na juu kungebaki maji ya kawaida. Hii imebaki nyeusi yote. Damu hii imepasuka ikiwa bado ndani ya mishipa."

Kisha akachukua GV, ile dawa ya zambarau wanayopakwa watoto mdomoni, akaichanganya na damu ya yule kijana na kuiacha kidogo. Aliponikaribisha kwenye hadubini niliona kitu ambacho chuoni nilikiona kwenye picha tu. Chembe nyekundu zilikuwa na vidoa vyeusi vimenata ukingoni kama pilipili manga. Nyingine zilikuwa zimemegwa pembeni, kama chapati iliyoonjwa na mtoto.

Yule kijana aliongezewa damu, akapona, akarudi mashimoni. Lakini mchana ule, tukinywa chai, Mzee Kibona alinieleza somo ambalo ninyi mnalisoma kwa majina marefu na kulisahau baada ya mtihani. Nitalirudia kama alivyolieleza, maana bila hilo hamtaelewa yaliyotokea baadaye.

Sukari ikiingia ndani ya chembe, sehemu kubwa hupita njia kuu. Huko huvunjwa, chembe ikapata nguvu ya kufanya kazi. Hiyo kila mtu anaijua. Ila kuna njia ya pili. Barabara ya hapa Nanyala ilipokuwa inakarabatiwa, waliweka kibao kimeandikwa MCHEPUKO, na malori ya Tunduma yakawa yanapita pembeni kwenye vumbi. Basi sukari nayo ina mchepuko wake. Kiasi kidogo hupita huko, na kinachotafutwa huko si nguvu. Chembe hupata malighafi ya kujengea vinasaba, na hupata kitu kinachoitwa NADPH, ambacho kazi yake ni kuilinda chembe isiunguzwe na sumu zinazozaliwa na dawa fulani, na maradhi, hata na hewa yenyewe tunayovuta. Chembe nyingine mwilini zina namna zaidi ya moja ya kujipatia kinga hiyo. Chembe nyekundu ya damu, maskini, haina. Tegemeo lake ni mchepuko huo tu.

Najua mnacheka. Nilipokuwa nikiwafundisha wanafunzi wa mazoezi, nikitamka neno hilo tu wasichana walikuwa wanatazamana na wavulana wanakohoa. Redioni wanawaambieni mbaki njia kuu, na kwenye ndoa zenu bakini huko huko. Ila chembe nyekundu isiyo na mchepuko inakufa mapema.

Mlangoni mwa njia hiyo kuna kimeng'enya kinachofungua geti. Kwa kifupi wanakiita G6PD. Wapo watu wanaozaliwa nacho kikiwa dhaifu. Wanaishi, wanalima, wanazaa, hawajui lolote, hadi siku wanapokutana na kitu kinachounguza damu. Udhaifu huu upo zaidi kwa watu wa sehemu za joto zenye mbu wengi, kwa sababu unamsumbua kidogo mdudu wa malaria. Na mama ndiye anayempitishia mtoto wa kiume. Binti mara nyingi anapata nakala nyingine nzima kutoka kwa baba, hiyo inamsitiri. Mvulana hana akiba. Alichopewa na mama ndicho hicho.

Mzee Kibona alistaafu, akarudi Ileje, akafa huko kwa shinikizo la damu. Nilikwenda kumzika. Hakuwepo siku alipoletwa mtoto wa Sabina, na mara nyingi nimetamani angekuwepo.

Sabina alikuwa mwanamke wa bondeni, mwenyeji wa huko huko Galula, aliyeolewa huku juu na Yohana, mkulima wa kahawa wa ukoo unaoheshimika kanisani. Nilimjua kwa sura, kama tunavyojuana. Na kama wote, nilikuwa nimesikia yaliyosemwa juu yake. Mtoto wake wa kwanza, mvulana, alifariki akiwa mchanga. Akafuata Neema, msichana, akakua vizuri. Kisha mvulana mwingine, naye akafariki kabla hajatolewa nje. Watu wakaunganisha. Wakasema mwanamke wa bondeni amekuja na mambo ya kwao, anakula wavulana, wa kike anamwacha amsaidie kazi.

Aliyelisema hilo kwa sauti kuliko wote ni mama mkwe wake, Bibi Raheli.

Asubuhi hiyo waliingia watatu: Yohana, Sabina, na Bibi Raheli ambaye ndiye aliyembeba mtoto. Daktari wetu alikuwa Daktari Mgala, msichana aliyepangiwa kwetu kikazi kwa mara ya kwanza, mtulivu, asiyependa kukaa mbali na mgonjwa. Niliitwa kuchukua damu. Nilipoingia chumbani kitu cha kwanza kilichonipokea ni harufu, ile kali ya sanduku lililofunguliwa baada ya masika. Sote tuliinusa. Muuguzi alifungua dirisha.

Mtoto alikuwa wa njano hadi nyayoni. Alilia kwa sauti nyembamba ya juu, isiyo ya mtoto mwenye njaa, na shingo aliipinda nyuma.

"Ananyonya?" daktari akauliza.

"Tangu jana hataki," Bibi Raheli akajibu.

"Bibi, namuomba mama mwenyewe aniambie."

Sabina alifungua kinywa, akamtazama mama mkwe wake, akakifunga. Bibi Raheli akanigeukia mimi na kusema kwa Kinyiha, polepole, akiamini daktari hatasikia, "Wavulana wote waliondoka hivi hivi. Yeye anajua."

Sikutafsiri. Nilimchoma mtoto kisiginoni, nikachukua damu, nikaenda maabara. Wingi wa damu ulikuwa chini sana. Nilipotazama slaidi nikaona zile chembe zilizomegwa. Nikachukua GV. Vidoa vikatokea ukingoni, vile vile kama vya yule kijana mchimbaji.

Nilirudi mbio kumwambia daktari, nikamkuta naye ameshafika karibu. Alikuwa ameshika shali ya mtoto, nzuri, ya manyoya meupe, imefumwa kwa mkono.

"Bibi, hizi nguo umezifuma wewe?"

Uso wa Bibi Raheli ulifunguka kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Zote. Nilizifuma alipokuja mjukuu wa kwanza. Wote wamezivaa."

"Na zinakaa wapi?"

"Kwenye sanduku langu mwenyewe. Hakuna nondo aliyegusa hata uzi. Naweka vile vidonge vyeupe, vya Tunduma, vile vikali vya ng'ambo. Nabadilisha kabla havijaisha."

Daktari alinitazama. Nikamwambia nilichokiona. Alimvua mtoto nguo zote, akamfuta mafuta aliyopakwa, akamfunga kwenye kitenge cha muuguzi. Zile nguo akazitoa nje ya chumba kwa mikono yake.

Kama hamjui, vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo, naftalini, hutoa mvuke, na mvuke huo hupita kwenye ngozi laini ya mtoto mchanga, hasa iliyopakwa mafuta. Mtoto mwenye geti zima hupona bila mtu kujua alipata nini. Mtoto ambaye geti lake ni bovu, damu inapasuka kimya kimya, unjano unapanda, na ukizidi huingia kwenye ubongo.

Gari la wagonjwa lilikuwa safarini. Yohana alikimbia barabarani akasimamisha gari la mnunuzi wa kahawa, na wakaondoka hivyo kwenda Mbeya, Sabina mbele akimnyonyesha mtoto asiyenyonya. Bibi Raheli alibaki kwenye benchi letu. Muuguzi alimletea uji. Hakuunywa, alikuwa anaomba.

Huko Mbeya walimbadilisha mtoto damu na kumlaza chini ya taa za bluu. Alirudi akiwa hai. Wakampa jina Ezekia.

Hapa nisimame niwape la kazi, maana nawajua mlivyo na haraka. Mtu akishaongezewa damu, msipime G6PD siku hiyo. Mtakuwa mnampima aliyechangia. Na hata asipoongezewa, mara tu damu inapopasuka zinazobaki na zinazozaliwa upya ni chembe changa, zenye nguvu zaidi, kipimo kitasema mzima naye si mzima. Subirini miezi kadhaa. Sisi tulisubiri, tukapeleka damu ya Ezekia na ya mama yake Mbeya. Siku hizi mna vipimo vya haraka vya kushika mkononi, lakini sheria ya kusubiri haijabadilika.

Jibu lilirudi kama tulivyotegemea. Geti la Ezekia lilikuwa bovu, na Sabina ndiye aliyebeba udhaifu huo.

Daktari Mgala aliwaita wazazi peke yao, akaniomba nikae. Aliwaeleza taratibu, alichora hata picha. Alipomaliza, Yohana alikuwa analia bila sauti, kofia mkononi. Sabina hakulia.

"Kwa hiyo sio mimi," akasema.

"Hakuna aliyefanya kosa," daktari akasema. "Wewe ulimpitishia udhaifu bila kujua. Zile nguo zikauamsha."

Sabina aligeukia mlango. Wagonjwa wa nje walikuwa wanaitwa majina.

"Mama atauliza kama si mimi ni nani," akasema. "Lazima aambiwe?"

"Vile vidonge lazima vitoke nyumbani. Na nguo. Hatuwezi kuvitoa bila kumwambia kwa nini. Nitamwambia ni dawa, sio yeye."

"Daktari," Sabina akasema, "kwake dawa na aliyeitia ni neno moja."

Nilidhani angefurahi. Mwanamke huyu alikuwa ameitwa mla watoto kisimani, mashineni, hata kwenye mlango wa kanisa. Sasa alikuwa na jibu la kuwarudishia, tena la karatasi yenye muhuri. Akaikunja ile karatasi, akampa mumewe, akatoka kumnyonyesha Ezekia.

Bibi Raheli aliitwa siku iliyofuata. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kutosha kuuza maharage. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Kazi zote nilizofanya katika maisha yangu, hakuna iliyonikaa kifuani kama ile. Kinyiha changu hakina neno la kimeng'enya. Nilisema ndani ya damu kuna mlinzi, na kwa watoto hawa mlinzi alizaliwa mdhaifu, na harufu ya vile vidonge ilimshinda. Nilisema Neema alivaa nguo zile zile akapona kwa sababu mlinzi wake alikuwa na nguvu za kutosha, ndiyo maana hakuna ambaye angeweza kujua. Nilisema kila kitu alichosema daktari, na nikaongeza la kwangu, kwamba hata mimi nguo za wanangu niliziwekea vidonge vile.

Alisikiliza amekunja mikono. Kisha akauliza, "Na wale wawili?"

Nikamgeukia daktari. "Anauliza kuhusu wale wawili."

Daktari Mgala aliinamisha macho. "Mwambie hatujui. Hatukuwapima."

Ilikuwa kweli. Nikaitafsiri kama ilivyo. Bibi Raheli akanitazama mimi, sio daktari.

"Hayo ni maneno yake. Wewe unasemaje?"

Nikaitazama mikono yake. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepokea chenji sahihi, akasimama, akamshukuru daktari kwa Kiswahili, akaenda zake.

Nilitegemea angejificha. Wiki ile ile, kwenye ibada ya nyumba kwa nyumba, baada ya sala, alisimama mbele ya majirani. Nilikuwepo. Alisema, "Nimemtukana mkamwana wangu mbele yenu, kwa hiyo nasimama mbele yenu. Sabina hana uchawi. Nguo zilikuwa zangu, na dawa niliitia mimi. Aliyemwita mchawi aliliazima kwangu neno hilo. Leo nalichukua." Kisha akakaa. Hakuna aliyejua aimbe nini.

Laiti yangeishia pale. Sabina alimfuata, akapiga magoti mbele yake, akaishika miguu yake, na wanawake wakapiga vigelegele. Nilirudi nyumbani nikidhani nimeona jambo likipona.

Lakini watu hawakuliacha lile neno. Walilihamishia kwa mtu mwingine. Kabla kahawa haijavunwa nilisikia mashineni, wanawake wanasubiri unga wao, mmoja anasema kumbe bibi mwenyewe ndiye, amekiri kwa kinywa chake, alikuwa anawavika wajukuu nguo zenye dawa. Nikaingilia. Nikaeleza mlinzi wa damu, nikaeleza vidonge, nikaeleza kwamba nusu yao wana vidonge vile vile masandukuni. Walinisikiliza kwa adabu zote, maana nilikuwa mtu wa kituoni. Mmoja akasema, "Haya, Mama Lusekelo, tumesikia." Mwingine akasema, "Lakini alijuaje kuchagua wavulana?"

Daktari Mgala naye alikwenda kanisani kueleza, mwenyekiti wa kijiji akaitisha kikao. Vidonge vikapungua madukani, hilo tulilipata, na sina shaka wapo watoto wanaotembea leo kwa sababu ya kikao kile. Bibi Raheli hakupata kitu. Kwaya ya akina mama ikawa inasahau kumpa taarifa ya mazoezi. Kwenye misiba alikaa upande wake, na akichota chakula wengine wanakumbuka kwamba wameshiba.

Kilichoniuma zaidi ni mikono yake. Hakumshika tena mtoto. Nilipokwenda kuwatazama, Ezekia alikuwa anatambaa kumfuata, anajivuta kwenye khanga yake, naye anainua mikono juu kama mtu aliyezama kwenye maji, asimguse, anaita, "Sabina! Njoo umchukue!"

Ezekia alichelewa kutembea, na hadi leo anatembea akiyumbayumba. Hasikii. Unjano ule ulifika masikioni kabla ya Mbeya kumuwahi. Yohana alimpeleka shule ya watoto wasiosikia, anasoma, ana akili ya kuchezea redio mbovu ambazo mwenyewe hazisikii. Kwa sababu hasikii, yeye ndiye pekee katika kijiji ambaye hakuwahi kupata habari za bibi yake. Alikuwa anarudi likizo anakwenda moja kwa moja kukaa naye. Mwishoni mikono ile ilishuka. Sijui ilikuwa lini. Siku moja nilipita nikawaona wamekaa barazani, kijana mkubwa amelaza kichwa mapajani kwake, naye anamtoa mba, nikapita bila kubisha hodi.

Bibi Raheli alipougua mara ya mwisho, Sabina ndiye aliyemlisha na kumwogesha. Nilikuwa nimeshastaafu. Nilikwenda kumwona mchana mmoja wa upepo. Alikuwa amekonda, sauti imebaki kidogo, lakini akili yake ilikuwa safi. Alimwomba Sabina atupishe kidogo.

"Ulisema mama ndiye anayepitisha," akaniambia.

"Ndiyo, bibi."

"Na Neema je?"

Nilimwambia ukweli. Kwa binti wa Sabina ni kama kurusha shilingi. Anaweza kuwa nayo, anaweza kuwa hana. Yeye mwenyewe hatasumbuka sana, labda wanawe.

"Mmempima?"

"Hapana. Hakuna aliyetaka kulianzisha tena."

Alifumba macho nikadhani amelala. "Mpeleke," akasema. "Kabla hajaolewa. Asikae kwenye chumba na watu wamesimama, wanamwambia wakati mtoto ameshakuwa wa njano. Aambiwe akiwa peke yake, bado hajapoteza kitu."

Alizikwa na watu wachache. Wengi walisema wana mihogo ya kuvuna, na huku kwetu mihogo hukaa shambani mwaka mzima bila kulalamika. Aliyemwosha ni Sabina. Ezekia alisimama kaburini akitazama vinywa vya watu, kimoja baada ya kingine, akijaribu kusoma wanasema nini.

Mimi nilitimiza. Neema amekuwa mwanamke sasa, anauza viatu Tunduma pale karibu na mpaka, anabishana na Wazambia kwa Kibemba kama aliyezaliwa nacho. Nilimfuata, nikamweleza, tukaenda Mbeya pamoja kwa sababu kwa mwanamke anayebeba udhaifu huu, vile vipimo vya haraka vinaweza kudanganya, wanahitaji kupima kwa namba. Jibu likaja. Geti lake lilikuwa nusu kwa nusu. Alibeba.

Wanangu, hapa ndipo nilipotaka kuwafikisha. Msimpe mtu karatasi na kuita mwingine. Nilimtafutia kiti nje, kivulini, mbali na foleni. Nikamweleza mchepuko wa sukari, na mlinzi wa damu, na kwamba akizaa mvulana aseme mapema, kwa sauti, kwa kila muuguzi atakayemshika. Nikamtajia vya kukwepa, dawa na vidonge vya nguo. Nikamwambia mchumba wake naye aelezwe, na nikajitolea kuwepo.

Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Nani alikwambia unipime? Mama hajawahi kunitajia."

"Bibi yako."

Neema alikuwa amekulia kwenye yale maneno ya mashineni, na sidhani kama aliwahi kujua aamini lipi. Aligeuza uso kando, akaanza kulia, na nilikaa naye pale mpaka akamaliza.